Fangasi za mdomoni: mwani usikucheleweshe kwenda kupima

Fangasi za mdomoni ni nini?
Ni vimelea jamii ya hamira, hasa *Candida albicans*. Watu wengi wanao mdomoni na hawadhuriki. Kinga ikishuka, au antibiotiki zikiua bakteria wanaowadhibiti, huzaliana na kutandaza utando mweupe ulimini na ndani ya mashavu.

Nimesoma kwamba mwani unaua fangasi hao. Si kweli?
Maabarani, ndiyo. Mwani wa kahawia una florotanini, kemikali zilizozuia *Candida* kukua kwenye visahani vya vipimo. Lakini kisahani hakina mate yanayoosha dawa muda wote, wala hakiumwi kisukari. Hakuna dozi ya mwani iliyothibitishwa kutibu ugonjwa huu.

Ila ni kitu cha asili. Nisukutue wiki mbili kwanza nione?
Hapana. Nistatini, dawa ya kutibu fangasi hawa, nayo ilitokana na bakteria wa udongoni, waliogunduliwa kuwa na dawa hiyo na Elizabeth Hazen na Rachel Brown mwaka 1950. Tofauti ni kwamba ilisafishwa, ikapimwa, ikapewa dozi. Mwani wa kahawia unaweza kuwa na iodini nyingi, na ukiumeza kila siku unaweza kuvuruga tezi ya shingo.

Mbona utando ulipungua niliposukutua?
Hili ndilo linalonisikitisha. Utando hupungua, mgonjwa anatulia, kisha anarudi kwetu hospitalini amekonda, hata maji hayapiti. Nakuomba usisubiri! Kumeza kukiuma, fangasi huenda wameshafika kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, na huko hakuna cha kusukutua kinachofika. Unahitaji dawa ya kumeza kama flukonazo. Mtu mzima mwenye utando usio na sababu inayoeleweka apime VVU na sukari. Mwani hauoni VVU. Hauoni sukari. Unafuta alama tu, nao ugonjwa unaendelea chini kwa chini.

Nimeshapewa nistatini. Naitumiaje?
Kwa kawaida mara nne kwa siku, baada ya kula. Izungushe mdomoni kadiri uwezavyo ndipo umeze, wala usile mara moja baadaye. Usiiache siku utando unapotoweka. Maliza siku ulizoandikiwa. Meno ya bandia yavue usiku na uyasafishe. Anayevuta dawa ya pumu yenye steroidi asukutue kwa maji kila anapomaliza, akateme. Na kama bado hujapima, nenda leo.