Kuku Mzima Kwenye Chungu cha Umeme: Maswali na Majibu

Wapo waliokizoea wakiwa ughaibuni, wapo walioletewa na ndugu, na wapo walionunua wakidhani ni presha kuka. Maswali yanayofuata yanahusu chungu cha umeme cha kupikia polepole, na hasa kuku mzima, kwa sababu hapo ndipo watu hukosea bila kujua. Nyuzi zote zilizotajwa ni za Selsiasi.

Je, chungu hiki si ndiyo presha kuka?

Siyo. Presha kuka hufungwa ikabana, mvuke ukakosa pa kutokea, joto likapanda hadi karibu nyuzi 120. Chungu cha polepole ni bakuli zito la udongo uliochomwa, limekaa ndani ya kasha lenye waya wa joto, na mfuniko wake wa kioo haubani. Kilianza kuuzwa Marekani mwaka 1971 kwa jina la Crock-Pot, na kikawapendeza watu waliotaka kuacha chakula kikipikika wakiwa kazini. Vyungu vya umeme vinavyonadiwa kwenye kampeni za nishati safi ya kupikia Tanzania mara nyingi ni vya presha, kwa hiyo angalia kwanza ulichonacho. Maelekezo ya kimoja hayamfai mwenye kingine.

Kupika kuku mzima polepole hivyo ni salama kweli?

Ni salama, ila kuna jambo moja la kulielewa, na ukilielewa hilo mengine yote utayapata mwenyewe.

Kuku mbichi mara nyingi hubeba bakteria wa Salmonella na Campylobacter. Joto kali huwaua. Tatizo liko njiani, kabla joto hilo halijafika. Kati ya nyuzi 4 na 60 bakteria wengi wanaosumbua chakula huishi raha mustarehe, na katika hali inayowafaa baadhi yao huongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Kuku aliyekatwa vipande hupita eneo hilo upesi. Kuku mzima ni mnene, ana mifupa, na ndani ya tumbo lake kuna nafasi iliyojificha ambayo joto hulifikia mwisho. Basi kwa kila jambo unalotaka kufanya, jiulize: je, litachelewesha katikati ya kuku kuvuka nyuzi 60?

Hapa wengine husema, "Si mwisho wa yote atachemka, vyote vitakufa?" Bakteria watakufa, ndiyo. Lakini Staphylococcus aureus, ambaye hukaa puani na kwenye ngozi zetu na kuingia chakulani kupitia mikono, hutoa sumu isiyoharibiwa na kuchemsha. Akishapata saa kadhaa za kuongezeka kwenye uvuguvugu, umechelewa. Utakula nyama iliyoiva vizuri kabisa na bado utatapika.

Nina kuku wa friza. Naweza kumtumbukiza hivyohivyo alivyoganda?

Usithubutu. Kuku aliyeganda ataanza chini ya sifuri ndani ya chombo kisichokuwa na haraka, na saa nyingi zitapita nje akiwa wa moto na ndani akiwa vuguvugu.

Myeyushe kwanza ndani ya friji, rafu ya chini, kwenye sinia lenye kingo ili maji yake yasidondokee mboga. Kuku wa kilo moja na nusu hadi mbili umpe kama saa 24. Ukiwa na haraka, mfunge kwenye mfuko usiopitisha maji, mzamishe kwenye maji ya baridi na ubadilishe maji kila nusu saa. Kwa saa mbili hadi tatu atakuwa tayari, na umpike palepale. Kumwacha juu ya meza ya jikoni usiku kucha, kama wengi tulivyozoea, ndiko kumlaza kwenye eneo lile la hatari.

Na umpapase ndani ya tumbo. Kuku wa dukani huwa na kifuko cha firigisi, maini na shingo, na mara nyingi hubaki na barafu pale hata nje akiwa amelainika.

Awe mkubwa kiasi gani, na apikwe kwa muda gani?

Kijitabu kilichokuja na chungu chako ndicho chenye neno la mwisho. Kwa kawaida chungu kijazwe kuanzia nusu hadi theluthi mbili. Kuku akisukuma mfuniko juu, huyo si wa chungu hicho; mkate vipande, hakuna aibu. Kwa kweli, kama ni mara yako ya kwanza, ningekushauri umkate vipande kwa vyovyote.

Mizizi kama viazi na karoti huchelewa kuiva kuliko nyama, kwa hiyo vitangulie chini na pembeni karibu na joto, kuku akae juu yake. Usimjaze wali wala mkate tumboni. Saa ya kwanza tumia moto mkubwa ili avuke lile eneo haraka, kisha ukipenda rudisha moto mdogo. Kuku wa kisasa wa kilo moja na nusu hadi mbili huchukua takriban saa nne hadi tano kwa moto mkubwa, au sita hadi nane kwa moto mdogo. Kuku wa kienyeji aliyekomaa atataka zaidi, na huyo ndiye anayekifaidi chombo hiki hasa: ugumu wa misuli yake hulainika taratibu na mchuzi ukawa mzito wenyewe. Wa kisasa akizidishiwa muda husambaratika ukabaki unaokota mifupa kwa kijiko.

Kufunua kila mara kuchungulia ni hasara. Mvuke ukitoka, chungu huhitaji kama dakika 20 kurudi pale kilipokuwa.

Nitajuaje ameiva? Nyama bado ina wekundu karibu na mfupa.

Rangi ni shahidi mbaya. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki chache tu, mifupa yake bado laini, na uboho huvuja ukaipaka nyama wekundu hata ikiwa imeiva. Upande wa pili, nyama inaweza kuwa nyeupe kabla joto halijatosha.

Nunua kipimajoto cha nyama. Kichome kwenye sehemu nene ya paja, upande wa ndani, ncha isiguse mfupa. Kisha kwenye kidari. Wizara ya Kilimo ya Marekani inataka nyuzi 74 kila mahali unapopima. Shirika la Afya Duniani, katika maelekezo yake ya chakula salama, linataja nyuzi 70 katikati ya nyama. Mimi huchukua ile ya juu, kwa sababu vipimajoto vya bei nafuu hukosea nyuzi mbili tatu. Kama huna, angalau hakikisha paja linachomoka lenyewe kwenye kiungo, na supu ya tumboni inatoka safi bila damu. Lakini hiyo ni dalili tu, si kipimo.

Bibi alinifundisha kumwosha kuku kwa ndimu. Wataalamu wanasema nisimwoshe. Nimsikilize nani?

Kila mmoja alikuwa na kuku wake. Bibi alichinja uani, akanyonyoa kwa maji ya moto, akababua malaika kwenye moto. Kulikuwa na damu, masizi na manyoya ya kuondoa. Huyo lazima aoshwe. Wataalamu wanamzungumzia kuku wa duka aliyekwisha safishwa machinjioni. Kumweka huyo chini ya bomba linalotiririka ni kurusha matone yenye bakteria kwenye sinki, kachumbari, vikombe na nguo yako. Ndimu au siki haitamwua Salmonella kwa kiasi cha kutegemea. Inapunguza shombo, na hilo ni jambo la ladha.

Kama ni kuku wa kuchinja nyumbani, au roho yako haitatulia bila maji, mtie kwenye beseni lenye maji yaliyotulia, mwoshe polepole bila kurusha, mwaga maji taratibu, kisha osha beseni, sinki na mikono kwa sabuni na maji. Mfute kuku kwa karatasi ya jikoni na uitupe papo hapo. Kisu na ubao uliomkatia usivitumie kwa nyanya kabla havijaoshwa.

Umeme ukikatika katikati?

Hili ndilo swali letu haswa. Ukiwa nyumbani, usisubiri. Hamishia kila kitu kwenye sufuria, weka juu ya gesi au mkaa na umalizie hapo mara moja.

Kama ulikuwa kazini na hujui umeme ulikatika saa ngapi wala ulirudi lini, Wizara hiyohiyo ya Marekani inashauri kumtupa, hata akionekana ameiva. Najua bei ya kuku. Ushauri unauma, lakini rudi kwenye sumu ya Staphylococcus niliyoitaja hapo juu: kuchemsha upya hakutakuokoa. Kama alikwisha iva kabisa ndipo umeme ukakatika, una saa mbili tangu hapo.

Chungu cha kuzungusha kitufe kwa mkono hukuficha jambo hili: umeme ukirudi nacho kinaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Cha vitufe vya kidijitali, mara nyingi hubaki kimezima, na hapo utajua. Jirani aliyeshinda nyumbani atakusaidia zaidi ya kifaa chochote.

Chungu changu kina saa ya kujiwasha. Naweza kumweka kuku asubuhi, kikaanza kupika mchana?

Hapana. Kuku mbichi atakaa saa nne kwenye joto la jikoni akisubiri. Tumia saa hiyo kukizima au kukihamishia kwenye hali ya kutunza joto baada ya kuiva, si kukiwasha baadaye. Viungo unaweza kumpaka usiku na kumlaza kwenye friji.

Nataka kuongeza maharage mekundu humo humo.

Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili, lektini, inayoleta kutapika na kuharisha saa chache baada ya kula. Sufuria linalotokota huimaliza. Moto mdogo wa chungu hiki huenda usifike kwenye mchemko, na maharage yaliyopashwa nyuzi 80 tu yanaweza kuwa na sumu kali kuliko mabichi, hata mara tano. Yaloweke saa tano au zaidi, mwaga maji, yachemshe kwa maji mapya yatokote vizuri. Dakika 10 ndicho kiasi cha chini kinachotajwa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani inapendekeza 30. Baada ya hapo ndipo yaingie kwa kuku.

Kuna faida yoyote kiafya kuliko kukaanga?

Ipo: huongezi mafuta. Ila ya kuku mwenyewe yatayeyukia kwenye mchuzi, na ngozi haitakauka, itabaki telezi. Ivue kabla ya kupika, au poza mchuzi kwenye friji uenguwe mafuta yaliyoganda juu. Chumvi ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa vile maji hayapungui kwa mvuke na mtu huona mchuzi umepooza, akaongeza vidonge vya supu viwili vitatu. Mtu mzima anashauriwa asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, kama kijiko kimoja cha chai, na vidonge hivyo vimejaa chumvi.

Mabaki niyaache humo hadi kesho?

Yatoe. Bakuli la udongo linashika joto, na ukilitia lote kwenye friji katikati yake patabaki vuguvugu kwa saa nyingi. Hapo huamka bakteria mwingine, Clostridium perfringens, ambaye mbegu zake huvumilia kupikwa. Chambua nyama kwenye mifupa, igawe pamoja na mchuzi kwenye vyombo vifupi, na iwe ndani ya friji kabla ya saa mbili. Jikoni kukizidi nyuzi 32, kama Dar es Salaam au Mombasa wakati wa kaskazi, saa moja inatosha. Kula ndani ya siku tatu hadi nne. Kupasha moto fanya kwa sufuria au maikrowevu mpaka mvuke ufuke kila upande. Chungu cha polepole hakifai kwa kazi hiyo.

Tumekula, na sasa watu wanaharisha. Tufanye nini?

Muda hutoa fununu. Sumu ya Staphylococcus huanza ndani ya saa chache, kwa kutapika sana. Clostridium perfringens huchukua saa 6 hadi 24, tumbo likisokota. Salmonella ni kuanzia saa 6 hadi siku 6, na Campylobacter kwa kawaida siku 2 hadi 5, kwa hiyo usimlaumu kuku wa leo kwa kosa la kuku wa Jumapili.

Wengi hupona wenyewe wakipata maji ya kutosha. Changanya ORS kama pakiti inavyoelekeza, mpe mgonjwa kidogokidogo. Mtoto mdogo aendelee kunyonya, na usimpe dawa ya kufunga tumbo. Dawa za kuua bakteria usijinunulie bila kupimwa.

Nenda hospitali ukiona damu kwenye choo, homa inayokaribia au kuzidi nyuzi 39, kutapika kunakozuia hata maji, kuharisha kunakopita siku tatu, au dalili za kukaukiwa maji: mkojo kidogo na wa rangi nzito, kizunguzungu, mtoto kulia bila machozi. Kwa mjamzito, mtoto mchanga, mzee, na mtu mwenye kinga dhaifu kwa sababu ya VVU, saratani au dawa anazotumia, usisubiri hizo siku tatu. Mweleze daktari mlikula nini, lini, na nani mwingine anaumwa.