Yasemwayo barazani kuhusu kubadili lugha ya programu

Vijana wa Unguja na Pemba wanaotengeneza tovuti na programu za simu kwa wateja wa nje hawakosi washauri. Mmoja anasema hama lugha ya PHP upesi, mwengine anaapa kuwa lugha ya Python ndiyo yenye dola. Mengi katika maneno hayo yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana yanapotosha.

“PHP imekufa.”

Rasmus Lerdorf aliitoa hadharani mwaka 1995, na toleo lake la 8 likatoka Novemba 2020. WordPress, programu ya kuundia tovuti iliyoanza 2003, imeandikwa kwa PHP, na zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani zinaitumia. Mwenye nyumba ya wageni Jambiani anayetaka watalii waweke nafasi mtandaoni hatouliza umeandika kwa lugha gani. Atauliza kama chumba kimoja hakitouzwa mara mbili.

Tatizo la PHP ni bei. Kazi nyepesi za WordPress zinagombaniwa na watu wa kila bara, na malipo yanateremka. Hiyo ni sababu nzuri ya kutafuta ujuzi mwengine, lakini ujuzi huo waweza kuwa Laravel, kiunzi cha kujengea programu ambacho nacho ni PHP, kwa ajili ya mifumo mizito zaidi. Hapo hujahama hata nyumba.

“Kubadili lugha ni kuanzia alifu.”

Sivyo. Nahodha wa ngalawa akipewa jahazi atajifunza tanga jipya, lakini kusi na kaskazi anazijua. TypeScript, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2012, imejengwa juu ya JavaScript. Kotlin, ambayo Google iliikubali rasmi kwa Android mwaka 2017, inakaa na Java ndani ya mradi mmoja. Kinachokula muda ni maktaba za lugha, yaani vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa, na mazoea ya wenyewe. Mtu wa PHP huweza kuandika Python inayofanya kazi mapema tu, lakini mwenye kuijua akiisoma atamtambua mgeni.

“Jifunze yote kwanza, kazi baadaye.”

Hii ndiyo inayowapoteza wengi. Mtu anawaacha wateja wake, anamaliza mabando kwa video za mafunzo, na mwisho ana vyeti na hana cha kuonesha. Ushauri wangu: kipya kiwe kimoja kwa wakati. Lugha ikiwa mpya, mteja awe wa zamani na kazi uwe unaielewa.

Tuseme unamtunzia tovuti mwenye boti za kutazama pomboo Kizimkazi. Ana faili la Ekseli la safari, na kila mwisho wa wiki analijumlisha kwa mkono. Mwandikie programu ndogo ya Python ya kulisoma faili hilo na kutoa hesabu kwa kila boti. Kuhusu malipo, kubalianeni bei moja ya kazi nzima. Ukimtoza kwa saa, utakuwa unamlipisha ada yako ya skuli. Kazi ikishatumika wiki kadhaa, una kitu cha kumwonesha mgeni asiyekujua.

Bila ya kitu hicho, kubahatisha kuna gharama. Katika Upwork, soko la mtandaoni la kazi za kujitegemea, kila ombi la kazi hutumia Connects, yaani tokeni za kuombea kazi, zinazouzwa senti 15 za dola kila moja, na ombi moja huchukua kadhaa. Wala usifungue akaunti mpya kwa ajili ya lugha mpya: sifa ulizopewa na wateja wa zamani ziko katika ile ile, na ndani yake unaweza kuongeza ujuzi wako mpya.

“Lugha changa ndiyo inayolipa.”

Rust, moja ya lugha hizo changa, ilifikia toleo la 1.0 mwaka 2015, na inapendwa kweli. Ila kazi zake nyingi ni za mifumo mikubwa inayotaka timu ya waajiriwa, si mtu mmoja wa kazi ya wiki mbili. COBOL ni lugha ya 1959 na bado inaendesha mifumo ya benki. Soma matangazo ya kazi unazozitaka kwa mwezi mzima, uone zinaulizia nini, kisha ndiyo uchague.

“Akili mnemba itaandika, nijifunze nini?”

Itaandika, na mara nyengine vizuri. Makosa yake huwa yamevaa nguo safi, na usipoijua lugha hutoyaona mpaka mteja akupigie simu.

“Pemba mbali, kazi za maana hazifiki.”

Saa za Chake Chake zinaitangulia Berlin kwa saa 2 wakati wa baridi ya Ulaya na saa 1 wakati wa kiangazi chao. Mteja wa Ujerumani mtafanya naye kazi mchana mmoja, na hilo ni vyema ulitaje unapoomba kazi, pamoja na namna unavyojipanga umeme ukikatika. New York ni shughuli nyengine: kikao chao cha saa 3 asubuhi kwetu ni saa 11 jioni, na kiangazi chao ni saa 10.