Mbwa wako hajui nani mbaya

"Daktari, mbwa wangu hakosei. Akimngurumia mtu, najua huyo si mwema." Nimeisikia tena kauli hii, safari hii kutoka kwa mtu aliyeniletea mbwa aliyemng'ata fundi wa bomba mkononi. Fundi alikuwa kazini tu, lakini mwenye mbwa bado alikuwa akimtafutia kosa.

Mbwa hasomi nia. Anachosoma ni mwili na harufu, na hapo kweli ni bingwa: pua yake inaweza kuwa na vipokezi vya harufu milioni 300, yetu ina milioni 6 hivi. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, waliwanusisha mbwa waliofunzwa jasho na pumzi za watu, kabla na baada ya watu hao kupewa hesabu ya kuwatia msongo. Mbwa walitambua sampuli ya msongo zaidi ya mara 9 katika kila 10.

Lakini harufu ya hofu haisemi mtu anaogopa nini. Mgeni aliyewahi kung'atwa utotoni huingia akitokwa jasho, amekakamaa, macho hayamtoki mbwa. Huyo ndiye atakayebwekewa. Mwizi mzoefu aliyetulia, mwenye kipande cha nyama mkononi, anaweza kupita huku mkia ukitikiswa.

Kisha kuna malezi. Mtoto wa mbwa huzoea ulimwengu hasa kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi. Ambaye wakati huo hakuona mtu mwenye ndevu, kofia pana au mkongojo anaweza kuwaogopa watu wa namna hiyo maisha yake yote. Na wewe mwenye mbwa unachangia: ukimshuku mtu unakaza kamba, sauti inabadilika, mbwa anakusoma wewe, halafu unasema amekuthibitishia.

Kinachonikera zaidi ni sifa anazopewa. Mleta barua hufika, hubwekewa, huenda zake. Kwa hesabu ya mbwa, amemfukuza. Ukimpongeza juu ya hilo, kesho ataongeza, na siku moja atatumia meno, pengine kwa mtoto aliyekuja kucheza na wanao. Ushauri wangu, ambao siuchoki: akinguruma, usimsifu wala usimpige. Mwondoe hapo, umpe nafasi. Kumpiga hakuondoi hofu, kunaondoa onyo tu, na mbwa asiyeonya hung'ata ghafla. Baadaye mzoeshe wageni kwa umbali anaoumudu, ukimpa kitafunwa anachokipenda kila anapowaona. Kama alikuwa mpole na amebadilika ghafla, apimwe kwanza meno, masikio na viungo.

Mengine yanayosemwa kuhusu mbwa nitayapitia haraka.

Kwamba mbwa hutabiri tetemeko la ardhi: kwa sekunde chache, naam. Mawimbi ya kwanza ya tetemeko, yaitwayo P, hutangulia, ni dhaifu, watu wengi hawayahisi. Mbwa anaweza kuyahisi kabla ya mawimbi ya S yanayofuata na kutikisa nyumba. Siku kadhaa kabla? Hakuna ushahidi thabiti. Mji wa Haicheng, China, hutajwa sana kwa sababu watu waliondolewa kabla ya tetemeko la mwaka 1975 na wanyama wakapewa sifa, lakini kulikuwa na mitetemo midogo mingi iliyotangulia. Mwaka uliofuata mji mwingine wa China, Tangshan, ulibomolewa na tetemeko bila tahadhari rasmi, na kwa takwimu za serikali wakafa zaidi ya watu 240,000.

Kwamba mbwa akilia usiku kuna atakayekufa: analia kwa upweke, kwa king'ora, au anamjibu mwenzake. Mbwa mzee aliyeanza kulia usiku na kukodolea ukuta mlete kliniki. Huenda ana maumivu, au ubongo unachakaa kwa uzee, na yote mawili yana cha kufanyiwa.

Kwamba mbwa hawezi kula sumu kwa kuwa ataijua kwa harufu: la hasha. Hula chokoleti, hula vitunguu, hulamba kipozea injini chenye ethilini glaikoli kwa sababu ni kitamu. Sumu ya panya hutengenezwa ivutie, na ile inayozuia damu kuganda inaweza kuchukua siku 3 hadi 5 kabla dalili hazijaonekana. Usisubiri dalili. Njoo naye saa hiyo hiyo, ukiwa na pakiti ya alichokula, na usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike, kwa maana chumvi yenyewe inaweza kumuua.