Vitamini D, inflamesheni na moyo wa mtoto mwenye lupasi

Lupasi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, huushambulia mwili wenyewe: ngozi, maungio, figo, damu, na wakati mwingine ubongo. Ukimpata mtu akiwa bado mtoto, kwa kawaida huwa mkali kuliko unapoanza ukubwani, na figo ndizo huathirika zaidi. Wazazi wengi huelezwa habari za figo na vipele vya usoni, lakini habari za moyo huwafikia wachache, ilhali madhara yake huanza mapema na kimyakimya.

Inflamesheni ni hali inayotokea kinga inapopeleka seli zake na kemikali zake mahali fulani mwilini ili kupigana, na mahali hapo pakavimba, pakapata joto na kuuma. Ikidumu siku chache ni sehemu ya kupona. Katika lupasi hudumu miezi na miaka, na mishipa ya damu haisalimiki: utando wa ndani wa mshipa huchubuka, mafuta hunasa humo, ukuta wake hunenepa na kukakamaa. Steroidi, dawa za kutuliza inflamesheni ambazo mara nyingi haziepukiki, nazo huweza kupandisha shinikizo la damu na kolesteroli, na figo zinazovujisha protini huzidisha tatizo hilo. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1997 ulikuta kwamba wanawake wenye lupasi wa umri wa miaka 35 hadi 44 walikuwa na uwezekano wa kupata shambulio la moyo uliozidi ule wa wanawake wa rika lao kwa zaidi ya mara 50. Mtoto aliyeugua akiwa na miaka 12 hufika umri huo akiwa ameishi na ugonjwa huu zaidi ya miaka ishirini.

Vitamini D inaingiaje hapa? Ngozi huitengeneza inapopigwa na miale ya jua, kisha ini huibadilisha, na figo huikamilisha iwe homoni kamili. Tunaifahamu zaidi kwa kazi yake ya kuimarisha mifupa, lakini seli za kinga nazo zina vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoipokea, na katika maabara imeonekana kuzituliza zile zinazochochea mashambulizi na kuzipa nguvu zile zinazoyazuia. Tatizo ni kwamba lupasi yenyewe huipunguza. Mtoto huambiwa ajikinge na jua kwa sababu jua huamsha ugonjwa. Steroidi huharakisha kuvunjwa kwa vitamini hiyo. Figo zilizoumia hupoteza kwenye mkojo protini inayoibeba. Mwenye ngozi nyeusi, ambaye huhitaji jua zaidi ili atengeneze kiasi kilekile, huathirika zaidi.

Uthibitisho muhimu kwa watoto ulitokana na jaribio la APPLE lililofanyika Amerika ya Kaskazini. Vijana 221 wa umri wa miaka 10 hadi 21 walipewa ama atorvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, ama kidonge kisicho na dawa, kwa miaka mitatu, huku unene wa ukuta wa mishipa mikubwa ya shingoni ukipimwa kwa ultrasaundi. Kwa ujumla dawa hiyo haikuonyesha tofauti ya wazi. Damu yao ilipochunguzwa zaidi, ilibainika kwamba waliopungukiwa vitamini D walikuwa na kiwango kikubwa zaidi cha CRP, protini ambayo ini huitoa wakati wa inflamesheni, na kwamba atorvastatini ilielekea kuwafaa zaidi wale walioanza wakiwa na vitamini ya kutosha.

Matokeo hayo yana uzito, ila yasibebeshwe zaidi ya yanavyoweza. Mtoto mgonjwa zaidi hukaa ndani zaidi na hutumia steroidi nyingi zaidi, hivyo upungufu unaweza kuwa dalili ya ukali wa ugonjwa na si chanzo chake. Aidha, jaribio kubwa la watu wazima zaidi ya 25,000 nchini Marekani, lililotoa matokeo yake ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2018, halikuonyesha kwamba vidonge vya vitamini D vinazuia ugonjwa wa moyo, ingawa washiriki hawakuchaguliwa kwa kuwa na lupasi.

Kwa maoni yangu, sababu ya kupima na kurekebisha upungufu bado ipo, kwani mifupa ya mtoto anayetumia steroidi inaihitaji vitamini hii hata kama moyo usingefaidika kwa lolote. Kipimo ni cha damu, na kiwango kilicho chini ya nanogramu 20 kwa mililita kwa kawaida huhesabiwa kuwa upungufu. Dozi ipangwe na daktari anayemtibu mtoto, kwa kuwa ikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu, na mtoto huanza kuona kiu isiyokatika, kutapika na kukojoa mara kwa mara, mzigo ambao figo zilizokwisha kuumia haziuhimili. Hidroksiklorokwini na dawa nyingine za kuituliza kinga huendelea kutumika kama zilivyoandikwa hata baada ya kiwango cha vitamini kupanda.