Usimning'inize kuku wako kichwa chini

Tafadhali, acheni kumshika kuku miguu na kumning'iniza ili atapike. Nimeletewa tena tetea aliyefanyiwa hivyo, anakoroma, povu limejaa mdomoni, na mwenye kuku ananihakikishia kwamba gole, ule mfuko wa chakula ulio chini ya shingo, likishamwagwa ugonjwa umekwisha. Haujaisha. Tundu la hewa la kuku liko kwenye shina la ulimi, wala halina kifuniko kama cha binadamu. Maji ya gole yakipanda huku anavuta pumzi, yanaingia mapafuni. Anaweza kufia mikononi mwako. Mafuta ya kula mnayommiminia kwa nguvu hupita njia hiyohiyo.

Gole halisagi chakula. Linapokea, linalowesha, kisha linashusha kadiri firigisi inavyopata nafasi. Firigisi ikijaa, gole linasubiri. Ndiyo maana gole lililojaa jioni si ugonjwa. Mimi humtilia shaka kuku anayepanda kulala bila kitu goleni. Mpapase alfajiri, kabla hajadonoa chochote. Wakati huo gole la kuku mzima huwa limenywea.

Ukilikuta gumu, halibonyei, mara nyingi ni majani marefu au nyuzi za gunia. Likiwa laini, limejaa maji, na mdomo unanuka togwa iliyoharibika, ni chachu: fangasi wa Candida wamezidi. Likiwa linaning'inia miezi na miezi ilhali kuku anakula na kutaga, misuli yake imelegea. Na kama kuku kadhaa wamezubaa kwa pamoja, wanaharisha kijani na hawajachanjwa, fikiria ugonjwa wa mdondo (kideri) kwanza.

Kinachonikera zaidi ni chachu inayorudi. Watu wanaitibu, inatulia, inarudi, wanaongeza dawa. Chachu inayorudi kwa kawaida ina mama yake mahali pengine: firigisi iliyozibwa, minyoo kwenye ukuta wa gole, ugonjwa wa Marek ulioharibu neva inayoliendesha gole, sumu ya madini ya risasi, au yai lililopasukia tumboni kwa tetea mkubwa. Chakula kikikwama huko chini, cha juu kinachacha. Halafu mtu anakwenda dukani kununua antibiotiki ya unga! Antibiotiki haiui fangasi; inaua bakteria waliokuwa wakiwabana, na fangasi wanapata uwanja. Nistatini ndiyo dawa yao, lakini haiingii kwenye damu, inafanya kazi pale inapogusa tu. Impate kuku gole likiwa tupu. Na siki? Candida wanaishi vizuri kwenye ukali, kwa hiyo sioni kwa nini tuitegemee.

Kuhusu kukanda gole, siwezi kukuapia. Gole gumu likilegea baada ya maji ya vuguvugu, kufunga chakula na kukandwa taratibu, sijui sifa niipe mikono au maji. Lisipolegea, tunapasua kwa ganzi, na kidonda cha gole hupona vizuri. Lakini kulipasua lililolegea ili kulipunguza kumenivunja moyo: misuli haikazwi kwa uzi, na mara nyingi linashuka tena.

Huyo wa gole lililolegea utaishi naye hivyohivyo. Mpe pumba laini kidogokidogo mara nyingi kwa siku, usimpe mahindi mazima, na majani yakatwe mafupi sana. Awe na changarawe ngumu. Maganda ya kome yanayeyuka, hayasagi kitu. Kitambaa cha kulibeba gole husaidia baadhi yao, ila kisibane pumzi. Lisiponywea asubuhi, usimrundikie chakula kipya juu ya cha jana.

Na nunua mizani. Gole linaweza kujaa huku kuku anakonda, na manyoya yanaficha mfupa wa kifua usiuone umechongoka. Mpime kila wiki, alfajiri, gole likiwa limenywea kadiri linavyoweza. Akishuka wiki mbili mfululizo mlete kwa daktari, hata kama gole lenyewe limepungua.