Caernarfon, mji wa Kiwelisi: yasemwayo na yaliyopo

Dhana: Wanaokaa huko ni Waingereza.
Hapa kosa ni letu pia. Kwa Kiswahili neno "Uingereza" tunalitumia kwa nchi ya London na kwa dola nzima, Welisi (Wales) ikamezwa humo. Mwite mtu wa Caernarfon Mwingereza uone atakavyokukazia macho. Mji wake, wenye watu takriban 10,000, upo kaskazini-magharibi mwa Welisi, mkabala na kisiwa cha Anglesey.

Dhana: Ile ngome kubwa ni fahari ya Wawelisi.
Aliyeanza kuijenga mwaka 1283 ni Edward I, mfalme wa Uingereza ile ya London, akiwa ametoka kuwashinda hao Wawelisi. Mji wa ndani ya kuta ukawekewa walowezi wa Kiingereza. Leo nenda kanunue mkate ndani ya kuta zilezile: utasikia Kiwelisi kitupu, na mzaliwa wa humo anajiita *Cofi*, tena kwa tambo. Watalii wanapiga picha mawe. Mimi ningesimama kwenye foleni ya mkate.

Dhana: Ni lugha ya wazee, inakufa.
Katika Welisi nzima, sensa ya 2021 ilipata wasemaji asilimia 17.8, ndiyo maana watu wanaizika mapema. Caernarfon wanaojua Kiwelisi ni zaidi ya asilimia 80. Watoto wanafundishwa hesabu kwa Kiwelisi, na wakitoka nje wanataniana na kutukanana kwa Kiwelisi. Lugha inayotukaniwa na watoto haiko mahututi.

Dhana: Mgeni akiingia baa, wanageuza lugha wamsengenye.
Walikuwa wanaizungumza kabla hajafika.

Dhana: Ni Kiingereza kilichoharibika, tena hakina irabu.
Kiwelisi ni lugha ya Kiselti, ndugu wa Kibretoni cha Ufaransa; *w* na *y* kwao ni irabu. Sisi tuna nafuu: *dd* yao ni dh ya "dhahabu", *th* ni ya "thelathini". Itakayokutoa jasho ni *ll*: weka ulimi kama wa l, kisha puliza bila sauti.

Tena neno hubadilika kichwani, kama "ulimi" na "ndimi", ila kwa sababu nyingine. Paka ni *cath*. Paka wangu, *fy nghath i*. "Paka wake" ndipo penye kazi: *ei gath o* mwenyewe akiwa mwanamume, *ei chath hi* akiwa mwanamke. "Wake" yetu haisemi hilo. Kwao hata herufi ya kwanza ya paka inakuambia kama mwenye paka ni bwana au bibi.