Mkuu wa uendeshaji wa gridi ni nani, na anaendesha nini hasa?

Umeme ukikatika mtaani, lawama zote huenda Tanesco, kana kwamba Tanesco ni mtu mmoja aliyekaa mahali ameshika swichi. Mwenye swichi yupo kweli, ila si fundi anayepanda nguzo, wala si yule wa dirishani unayemlalamikia kuhusu tokeni za Luku zilizogoma. Yupo kwenye chumba cha kuongozea gridi, na kwa Tanzania chumba hicho kipo Ubungo, Dar es Salaam. Bosi wa kazi hiyo ndiye mkuu wa uendeshaji wa gridi. Cheo hubadilika kutoka shirika moja hadi jingine: kwingine meneja, kwingine mkurugenzi, kwingine naibu wa mkurugenzi mtendaji.

Gridi yenyewe ni zile njia kubwa za kusafirisha umeme, za msongo wa kilovolti 66, 132, 220 na 400, pamoja na vituo vya kupozea umeme zinakopita. Kuanzia kilovolti 33 kushuka hadi nyumbani kwako ni usambazaji, na huko kuna wakubwa wengine. Kwa hiyo nguzo ikianguka mtaani kwenu, huyu bwana au bibi huenda hata hana habari.

Anachokiangalia usiku na mchana ni nambari moja: 50. Umeme wa gridi hauwekwi ghalani. Unazalishwa na kuliwa papo hapo, na hizo pande mbili lazima zilingane kila sekunde. Basi la kwenda Mbeya likianza kupanda Kitonga, injini hulalama na mwendo hupungua mpaka dereva akanyage mafuta. Gridi ni hivyo hivyo. Jenereta zote zimefungwa nira moja, na mwendo wao hupimwa kwa hezi; ndiyo hiyo 50. Jioni watu wakiwasha taa, pasi na majiko kwa pamoja, nambari inashuka chini ya 50, na mitambo inaongezewa maji au gesi. Usiku wa manane mzigo ukipungua, nambari inapanda, na mitambo inapunguzwa. Kuzidi kwa umeme nako ni tatizo: mwaka 2024, mvua zikiwa nyingi, Tanesco ililazimika kuzima baadhi ya mitambo ya maji kwa sababu umeme ulikuwa mwingi kuliko walaji.

Balaa huanza mlima unapokuwa mkali na mafuta hayapo. Hapo inabaki njia moja, kupunguza abiria, yaani kuwakatia umeme baadhi ya wateja. Mwongozaji wa zamu anapiga simu kituoni na kutaja laini ya kufungua. Wa upande wa pili anairudia amri neno kwa neno kabla ya kugusa chochote, kwani ukifungua laini isiyo yenyewe unaweza kuzima hospitali, au kumuua fundi aliyeko juu ya waya. (Kwa lugha ya wahandisi, swichi iliyofunguliwa ndiyo iliyokata umeme. Wageni wa kazi hujichanganya sana hapo.) Kwa maoni yangu mamlaka mazito ya kazi hii ndiyo hayo: kuamua nani akae gizani ili wote wasikae gizani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Texas, Marekani, Februari 2021. Gridi ya sehemu kubwa ya jimbo hilo huongozwa na ERCOT, chombo ambacho hakina waya wala mtambo, kinaelekeza tu. Baridi kali iligandisha mitambo na mabomba ya gesi, huku watu wakiwasha vipasha joto. Kule nambari ni 60. Usiku wa kuamkia tarehe 15, karibu saa 8, ilishuka chini ya 59.4 na kukaa hapo dakika 4 na sekunde 23. Ingefika dakika 9, mitambo mingi zaidi ingejitoa yenyewe kujilinda, na gridi hiyo nzima ingezimika kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Walichofanya ni kuamuru laini zikatwe, hadi megawati 20,000, na nambari ikapanda. Nyumba zaidi ya milioni 4 zilikosa umeme kwenye baridi ile, na watu zaidi ya 200 walikufa. Mkuu wa ERCOT, Bill Magness, aliondolewa kazini mwanzoni mwa Machi. Gridi iliokolewa, watu wakafa, na yote mawili yakaandikwa kwenye jina lake.

Ndiyo maana nafasi hii hapewi mtu aliyesoma utawala peke yake. Aghalabu ni mhandisi umeme aliyeanzia zamu za usiku kwenye kituo cha kupozea umeme, akapitia rilei za ulinzi (vifaa vinavyokata umeme vyenyewe hitilafu ikitokea), akakaa miaka kwenye meza ya kuongozea, kisha mipango. Akishakuwa mkubwa, muda wake mwingi unaliwa na swali moja: tukipoteza kitu kimoja sasa hivi, vilivyobaki vitabeba? Unguja wanalijua jibu baya la swali hilo. Kisiwa kilitegemea waya mmoja wa baharini kutoka bara. Mwaka 2008 kilikaa gizani karibu mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 miezi kama mitatu. Waya wa pili ulikuja 2013.

Swali hilo limekuwa gumu zaidi kwa Bwawa la Nyerere. Mashine zake 9 ni za megawati 235 kila moja, na mashine moja tu inaushinda mtambo mzima wa Kidatu wenye megawati 204. Ikijitoa ghafla, pengo lake ni kubwa, na lazima kuwe na mitambo mingine inayozunguka na nafasi ya kuongeza nguvu.

Tangu Desemba 2024 hesabu inavuka hata mpaka. Gridi ya Tanzania iliunganishwa na ya Kenya kwa njia ya kilovolti 400 inayopita Namanga, na Kenya ilikuwa imeshaungana na Uganda. Njia hiyo ikiwa kazini, nambari ya ukutani Ubungo ndiyo ile ile ya Nairobi na Kampala, na mtambo ukijitoa Uganda, mtu wa zamu Dar es Salaam anaiona ikitikisika kabla hajapigiwa simu.